Mahari ya Mkonge: Vijana wa Uha na Njia ya Kwenda Tanga

Nyanda za juu za Kigoma, nchi ambayo wenyewe huiita Buha na ambayo katika Kiswahili imezoewa kuitwa Uha, si nchi ya ukame. Atokaye bonde la Malagarasi akaelekea kaskazini huliacha nyuma joto na pori la miombo, akapanda taratibu mpaka akaingia katika vilima vya udongo mwekundu ambako mvua haina hiana, migomba imezizunguka nyumba, na maharage, mahindi na mihogo hupandwa mpaka ukingoni mwa njia. Mtu akisimama Kasulu alfajiri, ukungu ukiwa bado umelala mabondeni, hasadiki kwa urahisi ya kwamba nchi hii kwa zaidi ya miaka arobaini ilihesabiwa na serikali ya kikoloni kuwa ni hazina ya vibarua wa kupelekwa mbali. Wala ya kwamba kijana wa hapa, akitaka kumwoa mwanamwali aliyemwona kisimani ng'ambo ya kilima, aghalabu ilimlazimu kwanza asafiri zaidi ya kilomita elfu moja akakate majani ya mmea ambao haukupata kuota katika shamba la baba yake.

Naandika habari hizi kwa sababu vijana wa Kasulu na Kibondo wa leo hulaumiwa sana. Husemwa kwamba hawataki kulima, kwamba hawaoi, kwamba wakioa hawatoi mahari, kwamba akili yao yote iko safarini. Wanaosema hivyo aghalabu ni wazee ambao wao wenyewe, au baba zao, waliondoka. Na laiti wangesimulia kwa ukamilifu safari zile zilivyokuwa, lawama ingepungua.

Hapo kale Uha haikuwa dola moja bali ilikuwa milki kadhaa, kila moja na mwami wake, yaani mtawala (kwa wingi abami): Heru ambayo leo ni sehemu kubwa ya Kasulu, Muhambwe iliyo Kibondo, Buyungu kaskazini yake, na nyinginezo ndogo zaidi kusini na magharibi. Ng'ombe ndiye aliyekuwa kipimo cha heshima, na wenye ng'ombe wengi walikuwa Watutsi wa koo za kitawala. Mtu wa kawaida aliweza kumpata kwa njia ya ubugabire, yaani kupewa mnyama na mkubwa, akamtunza, akanywa maziwa yake, na kwa ajili hiyo akawa na wajibu wa utumishi na wa kupeleka pombe na hidaya kwa aliyempa. Siupambi utaratibu huo, maana ulikuwa na uonevu ndani yake, na aliyekuwa chini alijua kuwa yuko chini. Walakini ulikuwa na jambo moja ambalo baadaye lilipotea: kijana aliweza kuiona kwa macho yake njia nzima ya kutoka ujana mpaka ndoa. Jembe la chuma lilifuliwa na mhunzi anayejulikana. Pombe ilitoka katika ndizi za mama yake. Ng'ombe au mbuzi walitoka kwa baba, au kwa baba mdogo, au kwa mahari ya dada yake aliyekwisha kuolewa. Na kama alitaka kuongeza cha kwake mwenyewe, kiangazi alishuka Uvinza, kwenye chemchemi za maji ya chumvi kandokando ya mto Ruchugi, akachemsha maji vyunguni, akatoa fungu la mtawala wa pale, akarudi na mzigo wa chumvi kabla ya mvua za kupandia. Kwa hiyo safari ya kutafuta riziki haikuwa ngeni kwa Waha. Bali safari ile ilikuwa na mwisho uliojulikana, na mwenda Uvinza hakukosa kuonekana mwezi wa kupanda.

Mambo hayo yalivunjika kwa mfululizo wa misiba ambayo mtu wa zama zile hakuweza kuitenganisha. Miaka ya 1890 sotoka iliangamiza ng'ombe. Mwaka 1896 Wajerumani wakasimamisha boma lao Ujiji, na tangu 1898 sheria ya kodi ya nyumba ikaanza kutumika katika koloni lao, ikitaka fedha au kazi. Kisha ikaja vita ya 1914, na baada yake Uha ikawa mikononi mwa Wabelgiji mpaka 1921 walipoikabidhi kwa Waingereza. Na mbung'o, ambaye hufuata pori, akasonga mbele kila mahali watu walipopungua, akaleta ugonjwa wa malale, hata katika miaka ya 1930 serikali ikawahamisha watu wengi wa Kibondo na Kasulu kutoka katika maskani yao yaliyotawanyika na kuwakusanya mahali pamoja. Ng'ombe wakawa wachache, na kodi ikawa haina budi kulipwa kwa sarafu. Mahari nayo, kwa kuwa mifugo imepungua na sarafu ndiyo inayotafutwa na kila mwenye nyumba kwa ajili ya kodi, ikaanza kudaiwa kwa sarafu vilevile. Hivyo basi karani wa kodi na baba wa binti, watu wawili wasiohusiana hata kidogo, wakawa wanangoja kitu kimoja kutoka kwa kijana mmoja.

Angekipata wapi? Swali hili ndilo kiini cha jambo, na jibu lake halikuandikwa na Mungu katika udongo wa Uha. Reli ya Kati ilifika Kigoma mwaka 1914, lakini ilipita kusini, katika nchi ya chini, ikaviacha vilima vyenye watu mwendo wa siku kadhaa kwa miguu. Mzigo wa maharage au wa kahawa uliotoka Kibondo ulikuwa umekwisha kula faida yake yote kabla ya kuliona behewa. Serikali ya Waingereza haikuona haraka ya kuliondoa tatizo hilo. Ilikuwa na mashamba makubwa ya wageni pwani na Morogoro yaliyolia kila mwaka kwa upungufu wa watu, na ilikuwa na wilaya za mbali zenye watu wengi zisizokuwa na zao la kuuza. Na kati ya mambo mawili hayo ikaona kwamba moja laweza kuwa dawa ya lingine. Wilaya iliyokuwa na kahawa yake, kama Bukoba au Kilimanjaro, haikutoa vibarua wengi. Uha ilitoa. Nasema wazi kwamba umaskini wa namna hii ni umaskini uliotengenezwa.

Hapo mwanzo walikwenda kwa miguu. Wengine walielekea kaskazini, wakawalimia wenye kahawa wa Bukoba, au wakavuka mpaka Buganda kulima pamba ya watu. Lakini wengi zaidi walielekea mashariki. Mwaka 1926 Major Granville Orde-Browne, ambaye alikuwa mkuu wa kwanza wa idara ya kazi ya Tanganyika, alitoa taarifa yake juu ya hali ya vibarua, na baada ya hapo kambi zikaanza kujengwa katika njia kuu za wasafiri, mahali pa kupata chakula, maji na dawa. Jambo ambalo lenyewe latuonyesha jinsi walivyokuwa wakisafiri kabla yake. Kijana huondoka na wenzake wa kijiji kimoja, kwani kwenda peke yako ni kujitafutia mauti. Hubeba unga na fimbo. Anayejua njia ni yule aliyekwisha kwenda, na neno lake huwa sheria mpaka wafike.

Mmea uliowangoja haukuwa wa nchi hii. Mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf aliagiza miche ya mkonge kutoka Florida, ikafika Tanga ikiwa hai miche 62 tu, na katika hiyo 62 ndimo ulimotoka mkonge wote uliokuja kuifunika nchi ya Tanga, Muheza na Korogwe, na baadaye Kilosa na Morogoro. Wakati wa vita vya pili, Wajapani walipoziteka Java na Ufilipino mwaka 1942, Uingereza na washirika wake walipotewa na katani ya mashariki, wakaigeukia Tanganyika kwa pupa. Watu wakachukuliwa hata kwa amri. Na mwaka 1944 chama cha wenye mashamba ya mkonge kikaanzisha ofisi yake ya kuandika vibarua, ambayo Waingereza waliifupisha jina na Waha wakalitamka walivyolisikia: Silabu.

Jina hilo lilikaa katika vinywa vya watu wa Uha kuliko majina ya magavana. Silabu ilikuwa na watu wake wa kuandika vijana huko wilayani, ilikuwa na malori, ilikuwa na kambi za kulaza watu njiani. Kijana aliyejiandikisha alipimwa na daktari, akabandika dole gumba katika mkataba ambao hakuweza kuusoma, akapewa blanketi, akateremshwa mpaka relini. Na kwa kuwa reli ya Kati na reli ya Tanga hazikuungana mpaka mwaka 1963, aliyekuwa akienda Korogwe ilimbidi aiache treni katikati ya safari, akapakiwa tena lori. Aliyeandikwa hivi ndiye aliyeitwa manamba, kutokana na nambari iliyowekwa mahali pa jina lake. Alikuwa mbali na yule aliyekwenda kwa hiari yake na kuomba kazi mlangoni pa shamba, ambaye aliweza kuacha na kuondoka. Manamba alifungwa na mkataba wake mpaka umalizike.

Tumtazame huyu manamba akiwa kazini, maana hapa ndipo penye kiini cha maisha yake. Kabla jua halijachomoza amekwisha kupewa mstari wake, safu baina ya safu, na kisu mkononi. Jani la mkonge ni refu kama upanga na lina mwiba mweusi nchani. Huondoa mwiba kwanza, kisha hulikata jani karibu na shina, kwa uangalifu, kwa sababu akikata majani yasiyokomaa nyapara atamkatalia. Maji ya jani humchirizikia mikononi na kumwasha, na mwiba ukimpata jichoni hana jicho tena. Majani thelathini hufungwa kuwa fungu moja. Mafungu hupangwa, huhesabiwa, huchukuliwa begani mpaka penye toroli la reli ndogo, na kutoka hapo huenda korona, ile mashine ya kusaga majani ambayo ngurumo yake husikika kambini mchana kutwa na harufu yake hailiachi shamba usiku wala mchana. Akitimiza idadi ya mafungu aliyowekewa, karani humwekea alama katika kipande.

Kipande hicho ni karatasi ngumu yenye miraba thelathini. Siku moja ya kazi iliyokamilika ni mraba mmoja. Siku aliyougua haina mraba, na siku aliyokata mafungu pungufu nayo haina. Na mshahara haulipwi kwa mwezi wa kalenda bali hulipwa kipande kikijaa. Ndiyo maana mwezi wa manamba ulikuwa mrefu kuliko mwezi wa mwezi. Kijana aliyewaambia wakwe zake watarajiwa kwamba atarudi baada ya mwaka mmoja alikuwa amehesabu kwa mwezi ule waujuao watu wote, wa kuandama na kukoma, ilhali maisha yake sasa yalihesabiwa kwa miraba. Nimefikiri mara nyingi juu ya karatasi hii, na sidhani kama kuna kitu kingine kilichoingia baina ya mapenzi ya vijana wa Uha kwa nguvu kama hiki.

Kwa maana huko nyumbani binti naye alikuwa akihesabu. Sehemu ya mahari imekwisha kutolewa, au pengine ni ahadi tu; mwaka wa kwanza jamaa husubiri kwa staha; mwaka wa pili baba hukumbushwa na ndugu zake kwamba wapo vijana wengine waliorudi na fedha taslimu. Na fedha hizo ndizo zilizozidisha ugumu. Manamba kadiri walivyorudi na shilingi, ndivyo wazazi walivyoweza kudai shilingi zaidi, hata yule ambaye hakutaka kwenda akaona hana budi kwenda, kwa sababu mahari ilikuwa imekwisha kupanda juu ya uwezo wa mtu aliyekaa nyumbani na migomba yake. Vijana walikwenda ili waweze kuoa, na kwenda kwao kukaifanya ndoa iwe ghali kwa wadogo zao.

Kadhalika walikuwapo waliooa kwanza, wakaondoka mke akiwa na mimba au mtoto mchanga. Mke wa namna hiyo alilima peke yake, akajenga upya nyumba iliyoanguka kwa mvua, akaugua na kupona bila ya mume kujua. Barua, kama ilikuja, iliandikwa na mwenye kujua kuandika na kusomwa na mwenye kujua kusoma, na kwa hiyo hapakuwa na siri iliyoweza kupita baina ya wawili wale. Wengine hawakuandika kabisa. Walilowea. Neno hili kulowea, ambalo katika Kiswahili ni la upole mno, Uha lilikuwa na maana ya mtu ambaye hakufa wala hayupo: amepata mwanamke wa Tanga au Morogoro, amejenga, amebadili jina au dini, na mama yake bado huacha chakula kidogo jioni. Hata leo katika vijiji vinavyoyazunguka mashamba ya zamani ya mkonge wapo wajukuu wa Waha ambao hawajapata kuviona vilima vya Kasulu. Silabu yenyewe iliona hasara ya watu kuwaza nyumbani, ikaruhusu na kuwasafirisha wake na watoto pamoja na waume. Na familia zilizokwenda hivyo nyingi ndizo zilizobaki huko moja kwa moja.

Yaliyompata manamba aliyerudi nayo ni ya kusimulia. Alishuka na sanduku la bati, blanketi, kitambaa cha mama, na Kiswahili cha pwani kinywani mwake, akawa mtu wa kutazamwa. Lakini huko alikotoka neno manamba lilikwisha kuwa tusi, la kumtajia mtu mshamba asiyejua adabu za mji, na Mha akawekwa katika utani mchungu ambao mpaka sasa haujakoma kabisa. Jambo hili lanichoma. Katani ya Tanganyika ilifunga marobota ya dunia nzima, na mkono ulioikata ukafanywa kichekesho.

Mwaka 1946 Heru ilipata mtawala mpya, Mwami Theresa Ntare, naye alikuwa mwanamke. Sitaki kulipa jambo hili maana zaidi ya ile iliyo nayo. Lakini nikiwaza juu ya nchi ambayo katika miaka ileile ilibebwa mabegani mwa wanawake, kutoka mashamba hadi malezi, sioni ajabu kwamba ng'ombe wa kitawala naye alikuwa na mchungaji wa kike.

Utaratibu wa manamba ulikoma upesi kuliko ulivyoanza. Mwishoni mwa miaka ya 1950 wafanyakazi wa mkonge walianza kugoma. Mgomo wa Mazinde wa 1958 peke yake ulidumu zaidi ya miezi miwili. Baada ya uhuru serikali iliweka kima cha chini cha mshahara, na chama cha wafanyakazi kikawa na nguvu. Wenye mashamba, walipoona kwamba mtu sasa ana bei, wakataka watu wachache wanaokaa palepale badala ya umati unaokuja na kuondoka. Mwaka 1964 Tanzania ilitoa takriban tani 230,000 za mkonge, kiasi ambacho haijakifikia tena, na mwaka huohuo bei ikaanza kuporomoka kwa sababu ya nyuzi za plastiki. Mwaka 1965 Silabu ikafunga milango. Malori hayakuja tena. Njia ambayo babu, baba na mwana waliifuata kuitafuta mahari ilikatika, na hakuna aliyekuwa ameandaa njia nyingine kushika mahali pake. Miaka saba baadaye, katika Operesheni Kigoma ya 1972, watu wakahamishwa tena kukusanywa vijijini, lakini kukusanywa si kuajiriwa.

Kazi ya mshahara iliporudi Uha kwa wingi, ililetwa na maafa ya jirani. Baada ya Rais Ndadaye wa Burundi kuuawa Oktoba 1993, na vita ya Kongo iliyofuata, Kibondo na Kasulu zilijaa kambi za wakimbizi: Kanembwa, Nduta, Mtendeli, Muyovozi, Mtabila, Nyarugusu. Mashirika ya misaada yalitaka madereva, walinzi, wakalimani wa Kiha na Kirundi, makarani wa kugawa chakula, wauguzi, na vijana waliomaliza shule wakapata nyumbani kwao ujira ambao babu zao waliufuata Tanga. Nyumba za bati zikaota Kibondo mjini. Harusi zikawa nyingi. Lakini kazi hiyo ilikuwa na kipande chake pia: mkataba wa miezi kadhaa, unaoongezwa au usiongezwe kwa uamuzi unaotolewa Geneva au New York. Kambi zikafungwa moja baada ya moja, Mtabila ikiwa miongoni mwa za mwisho, Desemba 2012. Kisha 2015 Warundi wakaja tena, Nduta na Mtendeli zikafunguliwa tena. Kisha Mtendeli ikafungwa tena 2021. Kijana wa Kibondo amejifunza kuzipanga hatua za moyo wake kwa kufuata habari za Bujumbura.

Wale wasiopata kazi hiyo huendesha bodaboda ya mtu mwingine kwa hesabu ya kila siku, au hununua maharage gulio kwa gulio, au, ilipokuwa ikijengwa, walingoja vibarua vya barabara ile ya lami ya zaidi ya kilomita 260 kutoka Kabingo kupita Kibondo na Kasulu mpaka Manyovu, ambayo kama ingalijengwa miaka mia moja iliyopita makala hii isingekuwa na la kusema. Na wengi wao wanaishi na wenzi wao bila ya mahari na bila ya cheti. Sheria ya Ndoa ya 1971 haiwakatai: yasema kwamba kutotolewa kwa mahari hakubatilishi ndoa, na kwamba mwanamume na mwanamke waliokaa pamoja miaka miwili na zaidi hadharani kama mume na mke wadhaniwa kuwa wameoana, ijapokuwa dhana hiyo yaweza kukanushwa. Ni ngao kwa mwanamke siku ya mashaka, wala siidharau. Ila binti wa Kasulu hataki kudhaniwa. Anataka siku moja wazee wa upande wa pili waje kwa miguu mpaka mlangoni pa baba yake, wakae, wataje jina lake.

Na siku hiyo, pale inapofika, kuna swali ambalo mshenga lazima awe tayari kulijibu. Katika enzi za abami liliulizwa juu ya ukoo. Katika enzi za Silabu liliulizwa juu ya mkataba: amebakiza vipande vingapi? Leo mama wa binti, akiisha kuwakaribisha wageni na kuwawekea viti, huuliza kwa sauti ya chini kijana anafanya kazi wapi, na akijibiwa kwamba yuko kambini, hutulia kidogo, kisha huuliza mkataba wake unakwisha mwezi gani.